Kurasa Nilizompelekea Kaka Odilo

Jirani yangu hapa Nachingwea, mama anayekaanga vitumbua kila asubuhi, aliwahi kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani huko Dar es Salaam miaka yote ile. Nikamwambia nilikuwa gazetini.

"Ulikuwa unaandika habari?"

"Hapana."

"Unapiga picha?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unauza."

"Sikuuza pia. Nilikuwa napanga kurasa."

Aliniangalia kidogo, kisha akaniongezea kitumbua kimoja juu ya vile nilivyonunua, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Tangu siku hiyo hajauliza tena.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana. Najua wapo kati yenu wanaotengeneza mabango ya mechi na matangazo ya harusi kwa simu, na wapo walioko vyuoni wakiisomea kazi hii, siku hizi ikiwa na jina la kupendeza. Sisi tuliitwa wasanifu kurasa, na mara nyingi hatukuitwa chochote. Mwandishi jina lake linakaa juu ya habari. Mpiga picha jina lake linakaa pembeni ya picha. Aliyeamua picha ikae wapi, habari ianzie wapi na jicho la msomaji lipumzike wapi, huyo hana mahali pa jina. Kazi yake ikienda vizuri hakuna anayeiona. Ikienda vibaya, simu zinalia ofisini tangu asubuhi.

Aliyenifundisha aliitwa Odilo Mkwanda. Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha kurasa nilisimama mlangoni na mkoba wangu, sijui nikae wapi. Mwanaume mmoja mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, akauliza bila kuacha kazi yake.

"Unaitwa nani?"

"Somoe."

Akainua kichwa. Somoe ni jina la kusini, mtu akilisikia anajua. "Somoe wa wapi?"

"Nachingwea, upande wa Marambo."

"Mimi wa Ruangwa. Vuta kiti ukae hapa."

Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu, yeye amenizidi umri kwa mbali. Lakini katika chumba chenye watu wa kila mkoa, kutoka Nachingwea na Ruangwa kulitosha kuwa undugu. Nikamwita kaka Odilo, na meza zetu ziligusana kwa miaka mingi.

Kompyuta zilikuwa bado. Habari zilitufikia zikiwa vipande virefu vya karatasi, upana wa safu moja. Tulivikata kwa wembe, tukavipaka gundi nyuma, tukavibandika juu ya karatasi kubwa yenye mistari ya bluu hafifu, tukanyoosha kwa rula. Kichwa cha habari kilibandikwa peke yake. Picha iliachiwa nafasi yake. Ukurasa ukikamilika ulipelekwa kupigwa picha, halafu kiwandani. Feni haikuwashwa chumbani humo hata joto liwe la namna gani. Siku moja mkubwa mmoja mgeni aliingia, akasema mnakaaje humu kama mkate kwenye tanuri, akaiwasha mwenyewe. Hotuba nzima ya bajeti iliruka, ikaenda kujibandika kwenye suruali yake. Tulimzunguka tukaibandua kifungu kwa kifungu, naye amesimama kimya, mikono juu, mpaka tukafika kwenye kodi.

Kaka Odilo hakuwa mtu wa maelezo marefu. Alikuwa anabandua. Ukimaliza ukurasa alikuja, akautazama kwa mbali mikono ikiwa nyuma, kisha akasogea akabandua kitu kimoja tu, akakuachia ukae na lile pengo mpaka ugundue mwenyewe. Mara ya kwanza alibandua picha ya mama mmoja mkulima wa ufuta. Nilikaa nayo hadi akanionea huruma.

"Anatazama wapi huyo mama?"

"Kushoto."

"Na kushoto kuna nini?"

Kulikuwa na ukingo wa karatasi. "Hakuna kitu."

"Umemweka mtu mzima anatazama nje ya gazeti. Msomaji atamfuata watoke wote. Mhamishie upande wa pili, atazame habari yake mwenyewe."

Hilo ninyi mnaofanya kazi kwa simu lichukueni kama lilivyo. Siku hizi naona mabango ya wachezaji wa Ruangwa wanakimbia kwenda nje ya karatasi, mpira wameuacha katikati.

Alinifundisha pia kuwa na msomaji mmoja kichwani. Si "wasomaji". Mmoja, unayemjua kwa sura. Wangu alikuwa mjomba wangu wa Marambo. Kiswahili alikipata shuleni kidogo na mnadani zaidi. Nyumbani kilikuwa Kimwera. Gazeti lilimfikia likiwa limefungia sukari au misumari, na alilisoma akifuata mstari kwa kidole. Kwa ajili yake sikukubali kichwa cha habari kirefu kama treni. Sikukubali maandishi meupe juu ya picha yenye madoadoa. Na niligombana na wahariri kuhusu habari inayoanza ukurasa wa pili ikamalizikia ukurasa wa kumi na tisa. Mjomba hana ukurasa wa kumi na tisa. Ukurasa wa kumi na tisa umefungia misumari ya mtu mwingine.

Msidhani kaka Odilo hakukosea. Kuna siku alipanga tanzia ya mzee mmoja mheshimiwa, picha nzuri, mpaka mweusi wa kuizunguka umekaa sawa. Chini yake palibaki nafasi, akaweka tangazo la majokofu. Tangazo lilisema: "Huhifadhi kwa muda mrefu bila kuharibika." Vyote viwili vilikuwa sawasawa, kila kimoja mahali pake. Kesho yake familia ilipiga simu. Mhariri alitaka kutuma barua ya kuomba radhi, kaka Odilo akakataa. Akavaa koti akaenda msibani mwenyewe, akajitaja, akakaa mkekani na wanaume wengine mpaka alasiri. Aliporudi nilimuuliza kama walimtukana.

"Walinipa chakula," akasema. "Afadhali wangenitukana."

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifanya kila siku ya kazi tangu hapo: vitu vilivyokaa ukurasa mmoja vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kabla hujauachia ukurasa uende, sikiliza vinaambiana nini.

Halafu zikaja kompyuta.

Mhariri alisema mtu mmoja wa chumba chetu atapelekwa kufundishwa kwanza, na akirudi awafundishe wenzake. Hakuna aliyejiuliza ni nani. Mpika chai alishaanza kumwita kaka Odilo "mwalimu wa kompyuta." Baada ya siku chache mhariri aliingia, akasimama katikati ya chumba, akataja jina langu.

Niligeuka kumtazama kaka Odilo. Alikuwa anafuta wembe wake kwa kitambaa.

"Hongera," akasema. Hakuinua uso.

Niliporudi kutoka mafunzoni sikuikuta meza yake ubavuni mwangu. Alikuwa ameihamishia dirishani, mbali, amekaa ametugeuzia mgongo. Nilimfuata nikamwambia kaka, njoo nikuonyeshe, si ngumu kama wanavyosema. Akajibu, "Wafundishe vijana." Chai akawa anakunywa peke yake. Alinipita kwenye korido bila salamu, bega lake likigusa langu, kama mtu ambaye hakuniona kabisa. Mimi nikamwita, "Kaka Odilo," akashtuka, akaitikia "Aa, Somoe," akaendelea na safari yake. Wenzetu walisema ni wivu. Nilibisha mwanzoni. Baadaye sikubisha tena.

Wakampa kurasa za matangazo madogo: viwanja, magari yaliyotumika, nyumba za kupanga. Kazi ya kujaza masanduku. Kisha akaomba kustaafu kabla ya wakati. Aliondoka wiki niliyokuwa likizo. Niliporudi, dirishani palikuwa na mtu mwingine.

Kuhusu hiyo kompyuta nitawaambia jambo moja, maana bado linanichekesha. Ilikuwa haijui Kiswahili. Ikifika mwisho wa mstari ilikata neno ilivyojisikia: "wat-oto", "mwananc-hi". Neno ng'ombe ililikata shingoni kila lilipotokea, "ng-'ombe", na tulikuwa na ukurasa mzima wa mifugo. Niliyaunganisha maneno hayo kwa mkono, moja moja, na kila nilipounganisha nilitaka kugeuka kushoto nimwonyeshe mtu. Kushoto palikuwa na kabati.

Nilipanda cheo. Nilipanga ukurasa wa mbele kwa miaka mingi, na sifa nilizipata kiasi changu. Lakini hakuna aliyebandua tena. Vijana waliokuja chini yangu waliniogopa, wahariri walikuwa na haraka. Ukurasa ukitoka kwangu walisema "safi, mama," ukaondoka. Sijui kama mnanielewa. Mtu anayekwambia safi kila siku hajautazama ukurasa wako.

Nilipostaafu nikarudi Nachingwea, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mume wangu. Nina kuku, nina mikorosho michache, nina redio. Mwanangu Twaha yuko Dar, hupiga simu Ijumaa baada ya swala. Mji ni mtulivu na watu ni wema. Ila nilikuwa nikipita mbele ya duka la dawa lenye bango ambalo herufi zake zimebanana kama watu kwenye foleni ya mafuta, nasimama nalitazama, halafu naangalia kulia na kushoto nimpate wa kumwambia. Wanawake wenzangu walidhani natafuta bei ya dawa.

Siku moja kwenye mnada wa korosho nilikutana na mama mmoja kutoka Ruangwa. Tukazungumza, nikamuuliza kama anamfahamu Odilo Mkwanda.

"Yule wa magazeti? Tunasali parokia moja. Mbona haoni tena? Macho yameondoka yote mawili. Mke alishafariki. Anakaa na mpwa wake, Skola."

Nilirudi nyumbani nikakaa na habari hiyo wiki nzima. Nilijiambia mtu asiyenitaka nikiwa ubavuni mwake atanitakia nini sasa. Halafu nikajiambia mimi ni mtu mzima, akinifukuza nitapanda gari nirudi. Stendi nilinunua sukari, na kwa Chande muuza magazeti nikachukua gazeti letu, maana sikutaka kwenda na sukari peke yake kama mtu anayekwenda msibani. Asubuhi hiyo gari lilikuwa limejaa vijana waliovaa jezi, kulikuwa na mechi Ruangwa, wameimba njia nzima. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kusema na kuyapangua.

Nilimkuta barazani kwake, amekaa kwenye kiti cha mbao, shati jeupe vilevile, mikono imekunjwa vilevile. Macho yalikuwa wazi yakitazama mtaa.

"Shikamoo, kaka Odilo."

Aligeuza sikio. "Marahaba. Sauti naijua. Nani?"

"Somoe."

Skola alitoka ndani akanitazama, akamtazama mjomba wake, akarudi ndani. Nilikuwa natafuta namna ya kuiweka sukari chini niondoke, kaka Odilo aliposema:

"Una nini mkononi kinachakarika?"

"Gazeti."

"Letu?"

"Letu. La jana."

"Lete."

Akalipokea, akalipima kwa shubiri juu na ubavuni, akalinusa. "Wamelipunguza," akasema. "Na karatasi ni nyepesi." Akanirudishia. "Kaa. Nipe ukurasa wa mbele."

Nikaanza kusoma: serikali imesema hivi, wakulima wameombwa hivi. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Hayo nimeyasikia redioni asubuhi. Nimesema ukurasa."

Basi nikampa ukurasa. Nikamwambia jina la gazeti limekaa katikati, chini yake kuna mstari mwekundu. Kichwa kikubwa kimekwenda safu nne, herufi nyeusi nzito, mistari miwili. Picha iko kulia, watu watatu wamesimama. Chini kushoto kuna habari ndogo ya mpira ndani ya sanduku la njano.

"Watu watatu wanatazama wapi?"

"Mmoja anatazama kamera, wawili wanatazama chini."

"Wawili chini? Aliyechagua picha hiyo ana haraka ya kwenda nyumbani. Sanduku la njano lina ukubwa gani?"

"Kama kiganja chako."

"Litakula ukurasa wote hilo. Jicho litakimbilia kwenye njano, kichwa cha habari kitalala njaa." Akafikiri. "Labda wameliweka mbali na picha?"

"Limegusana nayo."

"Mungu wangu," akasema polepole, na nikaona amefurahi.

Tulimaliza gazeti zima siku hiyo. Skola alituletea mihogo ya kuchemsha na chai, akakaa pembeni akitusikiliza, mwisho akauliza kama kweli tunagombana au tunacheza. Mjomba wake akamwambia tunafanya kazi.

Nikawa nakwenda kila wiki, siku ya Jumatano. Kama mvua imeharibu njia nilikwenda Alhamisi. Nilijifunza upya kuona, maana kumweleza asiyeona ni lazima uwe umetazama kweli. Huwezi kusema "ukurasa mzuri." Atakuuliza uzuri uko wapi, na usipokuwa nao mdomoni hukuuona. Kama mnataka kujua kama kazi yenu imesimama, mwelezeeni mtu kwa simu. Ukichukua muda mrefu kueleza kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo, ukurasa wenyewe haujui.

Jambo moja hatukuligusa: meza. Yeye hakulitaja, mimi sikulitaja. Nilikuwa nafurahi nikiwa pale, na kwenye gari la kurudi Nachingwea nilikuwa nawaza, huyu mtu alinichukia miaka mingapi, na sasa ananihitaji kwa macho tu. Naweza kuwa macho, nikajiambia. Si haba.

Kisha magazeti yakaacha kuja. Chande alinikuta nimesimama mbele ya meza yake ambayo sasa ilikuwa na chaja za simu na miwani ya jua.

"Mama, hawaleti tena huku. Wanunuzi mlibaki wewe na ofisi mbili. Wanasema watu wanasoma kwenye simu."

Simu yangu wakati huo ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Nilikwenda Ruangwa hivyo hivyo, mikono mitupu, kwa kuwa ilikuwa Jumatano. Nilimsalimia kaka Odilo nikamweleza. Alisikiliza, mikono ikiwa juu ya magoti.

"Halitakuja tena kabisa?"

"Kabisa."

Tukakaa. Bila gazeti hatukuwa na la kusema, na hapo ndipo nilipoona kwamba siku zote zile lilikuwa limekaa katikati yetu kama mgeni anayesaidia mazungumzo. Nikasema basi, kaka, niwahi gari. Nikasimama.

"Somoe," akasema. "Ile kompyuta mhariri aliniita mimi kwanza."

Nikabaki nimesimama.

"Aliniweka mbele yake, akaiwasha. Niliona mwanga mdogo katikati, na pembeni giza pande zote. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Neno moja nililiona. Ukurasa sikuuona." Alisugua magoti. "Na haukuwa mwanzo. Hata kwenye karatasi ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa nauzungusha uso mzima kama kuku ili nimalize ukurasa mmoja. Nikamwambia mhariri mimi ni mtu wa wembe, mpeleke Somoe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenisaidia. Ungepanga zako ukapanga na zangu, kimyakimya. Ningejua. Nikahamia dirishani kwenye mwanga. Nikawa nakukwepa, kwa sababu wewe ndiye pekee mle ndani ambaye ungegundua."

Nilirudi kwenye kiti. Nilikumbuka bega lake kwenye korido. Nikamwambia, "Nilidhani umenikasirikia."

"Lini?"

"Tangu siku ile. Mpaka leo asubuhi."

Baadaye aliniambia kwamba daktari, alipokwenda kumwona akiwa amechelewa sana, alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kuna dawa ya matone ambayo ingeweza kuyashikilia kama angekwenda mapema. Aliificha mpaka ikammaliza. Vijana, ninyi mnaokaa na skrini usiku na mchana, nendeni mkapimwe macho. Na jirani yako wa meza akihama ghafla, mfuate ukamuulize mara ya pili. Mimi niliuliza mara moja nikaona nimeuliza vya kutosha.

"Jumatano uje," kaka Odilo alisema nilipoaga.

"Nije na nini?"

"Uje hivyo hivyo."

Nilikwenda hivyo hivyo Jumatano nyingi. Tulizungumza kuhusu watu waliokufa na waliobaki, kuhusu mke wake, kuhusu mume wangu, kuhusu mhariri aliyekuwa akila karanga juu ya kurasa zetu. Hizo ndizo siku nilizocheka kuliko zote tangu nistaafu.

Halafu Skola akaolewa Nachingwea, na binti yake kaka Odilo, Benadeta, ambaye ni muuguzi Mwanza, akaja kumchukua baba yake. Hakuna wa kumlaumu. Mzee asiyeona hawezi kukaa peke yake. Siku ya kuondoka nilikwenda stendi ya Ruangwa. Kaka Odilo alinishika mkono akauweka kati ya mikono yake miwili mpaka dereva akapiga honi. Niliporudi nyumbani ilikuwa Jumatano saa saba mchana, na sikujua niifanyeje siku iliyobaki.

Twaha aliniletea simu kubwa. Benadeta akaniingiza kwenye kundi la ukoo wao, nami nikawa nasoma habari za ubatizo na mahafali ya watu nisiowajua. Mara mojamoja nilizungumza na kaka Odilo, lakini nyumba ile ina watu wengi na watoto, na simu ilikuwa ikizunguka kwa kila mtu kabla ya kumfikia.

Mwezi uliopita Benadeta aliweka picha. Kaka Odilo amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe, gazeti amelifungua mbele yake kwa mikono miwili. Kumbe Mwanza bado yanauzwa. Benadeta ameandika, "Babu na gazeti lake." Watu walikuwa wamejibu kwa mioyo na mikono ya sala, wengi sana.

Nikaikuza picha. Gazeti lilikuwa juu chini.

Nilipiga simu. Ilizunguka, ikamfikia.

"Kaka, kwenye ile picha gazeti umelishika juu chini."



"Wameiona wangapi?" akauliza.

"Ukoo mzima."

"Na hakuna aliyesema."

"Hakuna."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Hapa wananipenda sana, Somoe," akasema. "Wananilisha vizuri, wananitembeza. Lakini hakuna wa kuniambia hilo."

Nikaweka simu sauti ya nje, nikafungua tena ile picha, nikaigeuza simu mpaka gazeti likakaa sawa na yeye ndiye akawa kichwa chini.

"Maneno siwezi kuyasoma," nikamwambia. "Nikikuza yanatawanyika."

"Maneno ya nini? Nipe ukurasa."

Nikaanzia juu kushoto. Nilikuwa nimefika kwenye picha ya katikati simu ilipokatika, na nilipopiga tena haikupatikana. Nikabaki nimekaa sebuleni na nusu ya ukurasa, na Nachingwea nzima hakuna mtu ambaye ningeweza kumpa.